Je, Kumchanja Mtoto ni Kukosa Tawakkal?

Ndugu mmoja wa Kisaki, ambaye bado anayachunguza mafundisho yetu, ametuletea swali. Mkewe amejifungua, na siku ya kumpeleka mtoto kliniki kwa chanjo za wiki ya 6 imekaribia, lakini mjomba wa mtoto amekataa. Wasomaji wa mbali wajue kwamba kwa Waluguru na Wakutu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba si la kupuuzwa. Mjomba huyu ni Mwislamu mcha Mungu. Asema kwamba mtoto mzima hachomwi sindano, kwamba Mlinzi ni Mwenyezi Mungu, na kwamba amesikia kuwa hata Masihi wa Waahmadiyya aliwakataza watu wake wasichanjwe. Ndugu yetu auliza: je, ni kweli?

Ni kweli, wala hatuna haja ya kuficha. Mwaka 1902 tauni ilikuwa ikiwateketeza watu wa Punjab, na Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiwachanja raia kwa dawa ambayo Haffkine aliitengeneza Bombay mwaka 1897. Mwezi Oktoba Seyyidna Ahmad a.s. alitoa kitabu chake Kishti-i-Nuh, yaani Safina ya Nuhu. Humo alitangaza kuwa Mwenyezi Mungu amemfunulia kwamba yeye na wakaao nyumbani mwake, pamoja na wale wamfuatao kwa unyofu kamili, watalindwa pasipo chanjo, ili iwe ishara. Lakini wengi walitajao jambo hili hulisimulia nusu tu. Katika kitabu hicho hicho aliisifu Serikali kwa kuwahurumia watu, akaeleza kuwa lau si ile ahadi ya mbinguni, yeye angekuwa wa kwanza kuchanjwa.

Basi ahadi ile ilihusu ugonjwa mmoja na wakati mmoja, na ilitangazwa mbele ya maadui kabla matokeo hayajajulikana, ili mwenye kuidai asadikishwe au akadhibishwe. Baba wa Kisaki hana ahadi kama hiyo juu ya kifaduro wala pepopunda. Akijifanya anayo, hiyo si tawakkal. Anamjaribu Mola wake, tena anamjaribu kwa mwili wa mtu mwingine.

Sayyidna Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari mahali paitwapo Sargh kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakiri kuwa anaikimbia, ila anaikimbilia kadari ya Mungu huyo huyo. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Mungu. Na mjomba wetu naye, Mto Mgeta ukifurika, hamwachi mpwa wake achezee ukingoni kwa hoja kwamba Mlinzi ni Mungu.

Lakini hoja yake ile nyingine, kwamba mtoto ni mzima, ina uzito zaidi. Mgonjwa tunamtia uchungu ili apone. Huyu haumwi, tunamchoma, analia, na pengine usiku ana homa. Ametupa nani haki hiyo, naye hawezi hata kuridhia? Tena woga wa sindano si upuuzi mtupu. Mwaka huo huo wa 1902, katika kijiji cha Mulkowal huko Punjab, watu 19 walikufa kwa pepopunda baada ya kuchanjwa kutoka chupa moja iliyoingia uchafu. Kwa hiyo mzazi anayo haki ya kumwuliza muuguzi kama sindano ni mpya na kama dawa imehifadhiwa katika baridi ipasayo. Haki ya kuuliza, hata hivyo, si sababu ya kubaki nyumbani.

Kwa kuwa mtoto hasemi, lolote tutakalofanya tumeamua juu ya mwili wake. Kutomchanja nako ni uamuzi. Mtu mzima aweza kuchagua kujihatarisha, naye atajibu mwenyewe; mtoto ni amana, na mwenye kuwekewa amana haruhusiwi kuiweka rehani ili imani yake isifiwe. Tena yako ya jirani: chanjo ya surua hutolewa kwanza akitimiza miezi 9. Kabla ya hapo kinga yake kubwa ni wale watoto waliomzidi umri, ambao wazazi wao walikwisha kwenda kliniki.

Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha. Baadaye aliwaendea wazazi wa Somalia akiwahimiza wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Malaria ilimwua mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Ndugu yetu asimpeleke mtoto kwa siri, maana mjomba anampenda mtoto huyo, naye ana haki ya kuheshimiwa. Amsomee haya, kisha amwombe waongozane, na mjomba ndiye ampakate mtoto wakati wa sindano. Akikataa, baba na mama waende siku iliyoandikwa kwenye kadi, na njiani wamwombee mtoto dua. Mjomba akaribishwe tena wiki ya 10, na tena wiki ya 14.