Je, Kocha Naye ni Mwalimu?

Katika lugha yetu ya Kiswahili mtu anayeiongoza timu huitwa kocha. Lakini watu wengi, na hasa wachezaji wenyewe, humwita mwalimu. Mchezaji aliyeachwa nje hulalamika kwamba mwalimu hakumpanga, na timu ikishinda mashabiki husema kwamba mwalimu kafanya kazi. Sisi tulio walimu wa darasani tumelizoea mno jina hili hata hatulitazami tena. Katika makala haya tungependa kulitazama. Je, kocha huitwa mwalimu kwa heshima tu, kama vile mzee asiye na mtoto aitwavyo baba, au ni mwalimu kweli? Na kama ni mwalimu kweli, amfundishe nini mchezaji wake siku ile ambayo ushindi na haki vimeachana njia?

Ili tusizungumze hewani, tumechagua kazi moja mahsusi: kazi ya kocha mkuu wa timu ya tenisi ya wanawake katika vyuo vya Marekani. Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawajapata kushika raketi. Haidhuru. Tumeichagua kazi hii kwa sababu kanuni za mchezo wenyewe humweka kocha mbele ya maswali ya maadili, tena waziwazi kuliko michezo mingi tuliyoizoea.

Vyuo viwili vinapokutana, kila upande hutoa wachezaji sita wa kucheza mmoja mmoja, na jozi tatu za kucheza wawili wawili. Kila mchezo wa mmoja mmoja una pointi moja. Michezo mitatu ya jozi, yote kwa pamoja, ina pointi moja tu, na upande unaoshinda miwili ndio huichukua. Jumla ni pointi saba, na chuo kinachotangulia kupata nne ndicho mshindi. Hivyo tenisi, ambayo kwa asili ni mchezo wa mtu aliyesimama peke yake, hapa hugeuka kuwa mchezo wa kundi. Binti hupigana peke yake, lakini hesabu ni ya wote.

Wanawake hawakuufikia uwanja huo kwa urahisi. Mwaka 1971 kiliundwa chama cha kusimamia michezo ya wanawake vyuoni, na mwanzoni chama hicho hakikuwaruhusu katika mashindano yake wanafunzi waliolipiwa masomo kwa sababu ya michezo. Waasisi wake hawakuwa na nia mbaya. Walichelea kwamba fedha zingeiharibu elimu, kama walivyoona upande wa wanaume. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ijulikanayo kama Sura ya Tisa, iliyopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika elimu inayosaidiwa na fedha za serikali kuu. Mwaka uliofuata, wachezaji wa tenisi wa kike wa Florida walikwenda mahakamani kudai msaada ule ule waliopewa wanaume, na chama kikaibadili kanuni yake. Mwaka 1982 chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kuendesha mashindano ya tenisi ya wanawake ya daraja la kwanza, na bingwa wa kwanza alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California. Chuo hicho kilitwaa ubingwa huo mara 10 chini ya kocha Frank Brennan, na mara 10 nyingine, kati ya mwaka 2001 na 2019, chini ya Lele Forood, ambaye mwenyewe alikuwa amekichezea chuo hicho hicho.

Ubingwa 20 kwa makocha wawili si jambo dogo. Hata hivyo hesabu hiyo, kwa utukufu wake wote, hailijibu swali letu. Hesabu hutuambia nani alishinda, haituambii kilichofundishwa. Kwa hiyo hatuna budi kuuacha ubao wa matokeo na kuingia katika kazi yenyewe.

Mtihani wa kwanza wa kocha ni orodha. Kabla ya mchezo kuanza, kocha hupanga wachezaji wake kwa namba, kuanzia wa kwanza hadi wa sita, na kila mmoja hukutana na mwenye namba yake wa upande wa pili. Kanuni yataka wapangwe kwa uhodari: aliye hodari kupita wote awe wa kwanza, anayemfuata awe wa pili, na kadhalika. Sasa tazama kishawishi kilichopo. Tuseme timu mbili zinalingana. Kocha mmoja amchukue binti wake dhaifu kabisa, wa sita, amweke namba ya kwanza, kisha awashushe wengine wote ngazi moja. Binti yule atapigwa vibaya sana. Lakini wa kwanza atakutana na wa pili wao, wa pili atakutana na wa tatu wao, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa kupoteza pointi moja kwa hakika, kocha amejiongezea matumaini katika pointi tano. Kwa mwenye kupiga hesabu tu, biashara hiyo ina faida.

Kwa nini basi kanuni yaikataza? Wengine watasema: kwa sababu ni hila dhidi ya mpinzani. Ni kweli, lakini sababu hiyo haitoshi. Mtu wa kwanza kudhulumiwa si mpinzani, bali ni yule binti aliyepandishwa cheo kwa uwongo. Amepewa namba ya heshima ili aaibike. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alishikilia kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Wazee wetu hawakumhitaji Kant kulijua hilo; ila yeye ametusaidia kulisema kwa ufupi.

Yamkini msomaji atatupinga: je, binti mwenyewe akikubali? Akisema, "Niwekeni mimi, maadamu timu ishinde"? Hoja hiyo ni nzito, kwani kujitoa kwa ajili ya wenzako ni wema ambao kila jamii husifu. Lakini tuulize ni nani anayeomba sadaka hiyo. Anayeomba ni mtu aliye na uwezo wa kumpanga au kutompanga kesho, na pengine ana kauli juu ya msaada unaomlipia masomo. Ridhaa ya mnyonge mbele ya mwenye mamlaka haina budi kupimwa mara mbili. Isitoshe, sadaka ya kweli hutolewa na mwenyewe. Haipangwi na yule atakayenufaika nayo.

Hapa tunalazimika kuungama jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo hatutaitaja, sisi walimu wa Kiswahili tuliketi na wenzetu wa masomo mengine tukapitia majina ya wanafunzi wa kufanya mtihani wa mwisho. Shule ilikuwa imeshuka mwaka uliotangulia, na wazazi walikuwa wakinung'unika. Tukakubaliana kwamba wanafunzi wanne walio dhaifu warudie darasa, wasije wakateremsha wastani. Tulisema ni kwa faida yao. Orodha ilipobandikwa ukutani, mmoja wao, binti mpole aliyekuwa akiketi karibu na dirisha, alikuja mlangoni mwa ofisi akauliza, "Mwalimu, mbona jina langu halimo?" Tulimwambia akamwulize mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa alikuwa ameketi pale pale pamoja nasi. Muhula uliofuata binti yule hakurudi shuleni. Wastani wa shule ulipanda, nasi tulipongezwa.

Tusiseme basi kwamba mambo ya kocha wa Marekani ni ya mbali. Orodha ni ile ile. Kocha aliyempandisha binti ili aangushwe, na mwalimu aliyemficha binti ili asionekane, wote wawili wamefanya kosa moja: wameupamba ubao wa matokeo kwa nafsi ya mtu.

Mtihani wa pili ni mstari. Katika tenisi ya vyuo, kwa kawaida mchezaji mwenyewe ndiye atamkaye kama mpira ulioangukia upande wake umetua ndani au nje. Kuna waamuzi wanaoweza kuubatilisha uamuzi wake, lakini kauli ya kwanza ni yake. Na kanuni ni moja: kama una shaka, mpira ni mzuri, na faida ni ya mpinzani. Hebu tafakari uzito wa kanuni hiyo. Binti wa miaka kumi na tisa, amechoka, jua linachoma, timu zimefungana tatu kwa tatu, na mpira umetua karibu mno na mstari kiasi kwamba hakuuona sawasawa. Kidole kimoja kikiinuliwa, pointi ni yake. Kocha amesimama kando. Katika mchezo huu aruhusiwa kusema na mchezaji wake kati ya pointi na pointi. Aseme nini?

Alikuwapo daktari mmoja Mmarekani mweusi, Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia, aliyewalea katika tenisi Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon mwaka 1957 na 1958, na Arthur Ashe, bingwa wa mwaka 1975. Katika zama zile za ubaguzi, Daktari Johnson aliwafunza vijana wake kwamba hata mpira uliotoka nje kidogo wauhesabu kuwa ni mzuri na waurudishe, ili asitokee mzungu wa kusema kwamba wamedanganya. Mafundisho hayo yatufanya tuone fahari na uchungu kwa pamoja. Fahari, kwa sababu vijana wale walifunzwa kushinda bila kuhitaji faida ya shaka. Uchungu, kwa sababu mdhulumiwa alitakiwa awe mwaminifu kupita kiasi ili apate kuhesabiwa mwaminifu wa kawaida. Haki haikumtaka mtu atoe zaidi ya kilicho sawa. Ubaguzi ndio uliomtaka.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kocha amfundishe binti kujinyima. Amfundishe kusema alichokiona, na pale asipoona, akiri kwamba hakuona. Hapo lazima tumjibu yule atakayeuliza: na kama mpinzani anadanganya, je, mwaminifu asiwe mjinga wa bure? Jibu letu ni kwamba mjinga ni yule asiyejua anachopoteza. Binti anayejua kwamba pointi ile ingeweza kuwa yake, akaiacha kwa sababu hakuuona mpira, si mjinga, amechagua. Na ana njia halali ya kujilinda: amwite mwamuzi aje asimame karibu na kiwanja. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Methali hiyo tumeizoea kama pole ya kumpa aliyeshindwa. Ukiichunguza, utaona kwamba ni sharti la kuingia mchezoni: asiyekuwa tayari kushindwa kwa haki hajaanza kushindana.

Mtihani wa tatu ni wa binti wa saba na wa nane, wale ambao majina yao hayamo kwa sababu ya kweli, yaani wenzao ni hodari zaidi. Hapa hapana dhuluma, wala kocha hawezi kuwapanga watu wanane katika nafasi sita. Lakini bado ana deni. Anawiwa kumwambia binti wa saba ukweli uso kwa uso, kabla hajausoma ukutani. Amweleze anachopungukiwa, na asimdanganye kwa matumaini ya uwongo ili tu aendelee kuwa mshindani wa mazoezi kwa wale sita. Kisha anawiwa kumfundisha sawasawa na wengine. Kama jitihada ya kocha hukoma pale faida ya timu inapokoma, basi tumpe jina lolote lingine, lakini tusimwite mwalimu.

Tusije tukamwonea kocha. Kazi yake hupimwa kwa ushindi, naye akishindwa misimu kadhaa huenda akaonyeshwa mlango. Wala tusisahau kwamba ongezeko la fedha na heshima baada ya mwaka 1972 lilikuja na gharama yake: kabla ya sheria ile, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni ziliongozwa na wanawake, baadaye sehemu hiyo ilishuka ikawa chini ya nusu. Mabinti walipata viwanja na misaada, lakini wengi wao walikosa kumwona mwanamke kama wao katika kiti cha ukocha mkuu. Hilo nalo ni somo ambalo hufundishwa bila kutamkwa.

Sasa twaweza kulirudia swali tuliloanza nalo. Siku ambayo ushindi na haki vimo katika njia moja, hatuwezi kumtofautisha mwalimu na mtafuta sifa. Wote wawili huenda pamoja na hushangiliwa pamoja. Zinapofika njia panda ndipo jina hupimwa. Kocha anayeitoa orodha ya kweli akijua huenda akashindwa, anayemsifu binti wake kwa mpira aliouachia, anayemweleza wa saba ukweli na bado akaja mapema kumfundisha, huyo ni mwalimu, hata kama kabati lake halina kombe.

Nasi tulio darasani tunazo orodha zetu za kupanga, kila muhula. Binti yule aliyekuja mlangoni hakuuliza swali gumu. Aliuliza mbona jina lake halimo, na alistahili kujibiwa na yule yule aliyelitoa. Hatukumjibu siku ile. Tumeandika haya ili mwenzetu atakayeketi mwaka huu mbele ya orodha kama ile, kalamu mkononi, awe ameliandaa jibu kabla hajalikata jina.