Makbeth, Mtawala Aliyetawaliwa

Je, mtu anayeogopwa na wote ndiye mwenye nguvu? Wengi watajibu kuwa ndiye. Yafaa tulifikiri jibu hilo kabla ya kulikubali.

Shakespeare, mtunzi wa Kiingereza, alilichunguza jambo hili yapata mwaka 1606 katika tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Makbeth, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1968. Makbeth ni jemadari shujaa wa Uskoti. Akitoka vitani, wachawi watatu wanambashiria kuwa atakuwa mfalme. Hawakumwambia aue, neno la kuua lilitoka katika tamaa yake mwenyewe, na mkewe akalichochea. Basi akamwua mfalme Duncan, mgeni aliyelala nyumbani mwake. Kisha akaagiza rafiki yake Banquo auawe, halafu mke na watoto wa Macduff wasio na hatia. Kila alipoua ili awe salama, hofu yake ilizidi. Aliwarudia pia wale wachawi, wakampa maneno ya kumtuliza, nayo ndiyo yaliyomwangamiza. Aliwatawala watu wote isipokuwa nafsi yake.

Mtu aweza kusema: Hayo ni mambo ya Ulaya ya kale, yatuhusu nini sisi? Jibu lipo Shinyanga na Geita. Huko vikongwe wameuawa kwa kuwa mpiga ramli aliwataja kuwa wachawi, au kwa kuwa macho yao ni mekundu, hali wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa kuni na samadi kavu walizopikia maisha yao yote. Tangu mwaka 2007 zimesikika pia habari za kuuawa watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu machimboni na samaki nyavuni. Aendaye kwa mpiga ramli hutaka kuitawala bahati, na kuuamuru mwamba uliofichwa ardhini. Kumbe yeye ndiye anayetawaliwa: panga li mkononi mwake, lakini amri ni ya mwingine. Wala hawezi kujitetea kwamba aliambiwa. Makbeth naye aliambiwa.

Tusidhani hatari hii huwapata wafuata ramli peke yao. Mwaka 1976 ulifanywa msako wa kukomesha mauaji ya namna hiyo Shinyanga na Mwanza. Kusudi lilikuwa jema, lakini baadhi ya waliokabidhiwa kazi hiyo waliwatesa watuhumiwa, na wengine wakafia mikononi mwao. Waliotumwa kuzuia mauaji wakaua. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Si yeye aliyewatesa watu wale; hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, akikubali kuwa dhamana ilikuwa yake.

Sasa tuwalinganishe. Makbeth alikuwa na damu mikononi, akakikumbatia kiti mpaka upanga wa Macduff ukamwondoa. Mwinyi hakuwa na damu hiyo, akaondoka mwenyewe. Baadaye alikuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na Rais wa Tanzania tangu 1985 hata 1995. Lakini hoja yetu haisimami juu ya malipo hayo, maana wengi huacha cheo kwa haki wasirudishiwe kamwe. Hoja ni kwamba awezaye kukiacha cheo ndiye aliyekishika. Asiyeweza, cheo kimemshika yeye.

Ndugu mtafuta ukweli, madaraka ni amana, na kila amana ina Mwenyewe atakayeiuliza. Baba nyumbani mwake, mwenye duara machimboni, mlinzi wa sungusungu na waziri, kila mmoja ajiulize: Nikitakiwa leo kuirudisha amana hii, nitairudisha ikiwa safi? Na nikiogopa kuirudisha, ninamtumikia nani?