Kinyongo cha Marehemu ni cha Nani?



Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwenye semina za vijana huwa tunalipita harakaharaka. Tunafundishwa kusamehe. Sawa. Lakini je, mtu anaweza kusamehe kosa ambalo hakutendewa yeye? Na je, anaweza kutunza kinyongo kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa?

Nauliza kwa sababu baba yetu alifariki mwaka jana, na sisi ni familia ya nyumba mbili. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Baada ya miaka miwili baba akafunga ndoa nyingine, kanisani, mbele ya watu. Hapo hakuna dhambi, tuelewane: kifo hukata kifungo cha ndoa, na mgane yuko huru kuoa. Mama mdogo alikuja na mtoto wake wa kiume, kisha wakazaliwa wengine wawili. Picha za mama zikaondoka sebuleni. Mimi na dada yangu tukapelekwa kwa bibi, eti kule shule ni nzuri. Jina la mama likawa halitajwi tena pale nyumbani.

Kwa hiyo siku ya arobaini, shangazi aliponishika mkono na kuniambia, "Wewe na mama yako mdogo peaneni amani, yaishe," kichwani nilikuwa na swali moja tu: na mama yangu je? Yeye kamuuliza nani?

Wakubwa wengi hawapendi swali hilo. Watakuambia maisha ni mafupi, halafu wanarudi kwenye masufuria. Mimi naona linastahili jibu.

Tuanze na lililo rahisi. Anayesamehe ni yule aliyekosewa. Mtu akimwibia jirani yako kuku, huwezi kumwambia mwizi "nimekusamehe" na jirani akabaki hana kuku. Kwa mantiki hiyo siwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya mama. Wengi tunafika hapo tunapumua: basi, hili haliko juu yangu. Lakini kuku huyohuyo ana upande wa pili. Kama msamaha wa mama si wangu kuutoa, basi hata kinyongo cha mama si changu kukishika. Utaniambia kwamba tunaweza kukasirika kwa ajili ya mnyonge anayeonewa. Ni kweli, tena ni wajibu. Ila mnyonge huyo bado anaonewa, na hasira yetu inaweza kumsaidia. Mama haonewi tena na mtu.

Sasa, yuko wapi? Hapa ndipo imani yetu inapolibana swali lenyewe. Tunatumaini kwamba marehemu wetu wako katika huruma ya Mungu. Kama mama ameshafika mbinguni, anamwona Mungu uso kwa uso, na mbele ya uso ule kinyongo hakina pa kukaa. Kama bado anatakaswa toharani, basi kinyongo, kama alikuwa nacho, ni mojawapo ya mambo anayotakaswa. Kwa vyovyote vile, kile ninachokibeba kwa jina lake, yeye hakihitaji. Kina mwenyewe, naye ni mimi: miaka yangu kwa bibi, likizo zangu, picha zangu. Na hayo ndiyo nina uwezo wa kuyasamehe, kwa sababu mimi ndiye niliyetendewa.

Siandiki haya kama mtu aliyemaliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, inasema waziwazi kwamba kutosikia maumivu na kusahau kosa haviko katika uwezo wetu. Ila moyo uliojitoa kwa Roho Mtakatifu unaweza kuligeuza jeraha likawa huruma, na kumbukumbu ya kosa ikawa maombezi. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi mwaka huu. Nilidhani Kanisa linanidai nisisikie kitu, kumbe halijawahi kunidai hivyo.

Kumbe hata Biblia inazifahamu nyumba mbili. Fungua Mwanzo 25. Abrahamu amekufa, na wanaomzika ni wawili, Isaka na Ishmaeli. Kumbuka Ishmaeli ni nani: ni yule aliyefukuzwa pamoja na mama yake Hagari, wakapewa mkate na kiriba cha maji, wakaingia jangwani. Sasa anasimama na mtoto wa Sara mbele ya pango la Makpela. Maandiko hayasemi kama walipeana mikono, wala kama kuna shangazi aliyewashika wakaombane radhi. Yanasema tu kwamba walimzika. Nadhani siku nyingine hiyo inatosha kabisa: kuzika pamoja bila kutukanana. Tunawalazimisha watu wakumbatiane makaburini ili kamera ya simu ipate picha, na wiki ya pili familia ina grupu mbili za WhatsApp. Sisi tulifika huko.

Kisa cha Yosefu ni kigumu zaidi. Ndugu zake wakubwa si watoto wa mama yake. Ni wa Lea, wa Bilha na wa Zilpa. Alikuwa amekwisha kuwapokea Misri, na Yakobo aliishi huko miaka 17, wote wakila vizuri. Lakini mzee alipozikwa tu, ndugu wakaingiwa hofu: labda alikuwa anatustahi kwa ajili ya baba, sasa atalipiza. Wakatuma ujumbe kwamba baba kabla hajafa aliagiza wasamehewe. Hakuna mahali pengine katika Mwanzo panapoonyesha Yakobo akisema hivyo. Nahisi waliutunga, maana hata sisi tunazijua hizi "marehemu aliniambia". Yosefu alilia. Hakuwahoji kama ni kweli baba alisema. Aliwauliza kama yeye yuko mahali pa Mungu, kisha akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Hakuhitaji wasia wa marehemu ili asamehe. Alisamehe kwa kinywa chake, lile alilotendewa yeye.

Kuna jambo moja kwenye mazishi ya baba ambalo bado linanisumbua, na linahusu upande ule mwingine. Baba mdogo ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu. Ukasomwa kanisani: ameacha mjane na watoto wanne. Tuko watano. Yule kijana aliyekuja na mama mdogo hakusomwa, kwa sababu "si damu". Huyo ndiye aliyekuwa akimbeba baba mgongoni kumpeleka zahanati miguu ilipogoma. Nilimwona akiinua macho jina la mwisho lilipopita. Hakusema neno. Alikwenda kushika jeneza na wengine.

Mpaka siku ile nilijua nyumba yetu ina jeraha moja, langu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Mimi na dada tulimwingiza kaka yule kwenye grupu letu, bila hotuba. Novemba, tulipokuwa tukiandika majina ya marehemu kwenye bahasha za kuwaombea, mama mdogo alichukua kalamu akaandika jina la baba, kisha la mama yangu: la ubatizo, la kipaimara na la ukoo, yote matatu, bila kuuliza mtu. Nilimwangalia. Akasema tu, "Huwa naandika kila mwaka." Je, hilo linafuta habari ya picha? Hapana. Picha bado sijui ziko wapi, na siku moja nitamuuliza. Ila tangu hapo namwita mama mdogo bila jino kuuma.

Na mali? Niseme kwa ufupi, maana ndipo wengi mnapokwama. Kusamehe si kutia sahihi karatasi ya kuachia haki yako. Hata toba ya kitubio humdai aliyedhulumu arudishe alichochukua, kadiri anavyoweza. Msimamizi wa mirathi si mmiliki wa mali; anatakiwa kuikusanya, kulipa madeni na kugawa, na kumuuliza hesabu si kukosa upendo. Yule mtu wa Luka 12 aliyemwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi, Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akaonya juu ya uchoyo. Hakusema urithi usigawanywe. Sisi wawili tumesema kaka apewe sehemu kwenye kiwanja, kwa sababu baba alimlea kama mwanawe. Baba mdogo anapinga. Kikao kingine ni baada ya Pasaka.

Limebaki la kaburi. Baba amelazwa kando ya mama, kama alivyoagiza. Juzi mama mdogo aliniuliza taratibu, tukichambua mchicha: "Na mimi mtanilaza wapi?" Ni swali la Masadukayo lililogeuzwa, nao walitaka kujua mke atakuwa wa nani siku ya ufufuko. Yesu aliwajibu kwamba huko hawaoi wala hawaolewi, kwa hiyo mama zangu wawili hawatagombania kitu. Abrahamu naye alikuwa na Ketura, lakini alizikwa na Sara, na Mwanzo haisemi Ketura alilazwa wapi.

Nilimwambia upande wa kushoto wa baba bado kuna nafasi, ila kuna mwembe, na mizizi yake itabidi ikatwe. Akasema mwembe usikatwe, watoto wanaula. Tukaendelea na mchicha.