Amana ya Sauti

Sauti ni kitu chenye maisha mafupi kupita vyote. Huzaliwa kinywani au katika uzi wa gitaa, ikafika sikioni, ikafa papo hapo. Kwa karne nyingi mwanadamu hakuwa na hila ya kuizuia. Hila ilipopatikana, yalikuja pamoja nayo maswali ambayo watu wa zamani hawakuwa na haja ya kuulizana. Moja ni hili: mtu anasaye sauti ya mwenziwe ipitayo hewani, akaiweka miaka mingi, kisha akawagawia wengine bila ya malipo, je, ni mwizi au ni mlinzi?

Swali hili laonekana wazi sana katika muziki wa roki uliotangazwa na redio moja kwa moja kutoka ukumbini. Matangazo ya FM ya stirio yaliruhusiwa Marekani mwaka 1961, na mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha kaseti yake ndogo. Vitu viwili hivi vilipokutana nyumbani, msikilizaji aligeuka kuwa mtunzaji. Tarehe 9 Agosti 1978, Bruce Springsteen na bendi yake walipiga muziki katika ukumbi wa Agora mjini Cleveland, na stesheni ya WMMS ikautangaza usiku ule kwa kila mwenye redio. Miongoni mwa waliosikiliza majumbani walikuwamo waliobonyeza kitufe cha kunasa. Kanda zao zilinakiliwa, nakala zikazaa nakala, zikapita mkono kwa mkono kwa zaidi ya miaka 30, kabla ya mwenyewe kuutoa usiku huo rasmi mwaka 2014.

Wanaowalaumu watunzaji hawa hawakosi hoja. Mcheza kwao hutuzwa, na mwanamuziki hana shamba jingine ila kazi yake. Ruhusa ya kutangazwa usiku mmoja si ruhusa ya kuenezwa milele. Aalikaye wageni kula hakuwaambia waondoke na vyungu. Tena hoja ya heshima ni nzito kuliko hoja ya fedha. Msanii huchagua nyimbo za kuacha nyuma yake, kama mwandishi achaguavyo kurasa za kuchapishwa na kurasa za kuchanwa. Usiku aliokuwa na mafua, au aliposahau maneno mbele ya watu, si usiku autakao uwe shahidi wake baada ya miaka 40. Walafi nao hawakuchelewa kuingia. Mwaka 1969 santuri ya magendo ya nyimbo za Bob Dylan iliuzwa Marekani katika jalada jeupe tupu, na baadaye matangazo ya redio pia yakawa shamba lisilo na ua kwa wavunaji wasiolima.

Walakini historia ina shahidi wa upande wa pili. Kati ya Machi 1962 na Juni 1965, Beatles walisikika katika vipindi vya BBC wakipiga nyimbo 88, nyingine zaidi ya mara moja, hata jumla ikafika 275. Baadhi ya nyimbo hizo hawakuzitia kamwe katika santuri zao za wakati ule. Shirika halikuona sababu ya kuzihifadhi zote. Kanda zilikuwa ghali, na ilikuwa desturi kuzifuta ili zitumike tena. Hapana aliyekusudia ubaya. Muziki wa vijana ulihesabiwa kuwa povu la wiki moja, na povu haliwekwi ghalani. Mkusanyo wa matangazo hayo ulipotolewa rasmi mwaka 1994, baadhi ya sauti ilibidi zitafutwe katika kanda zilizonaswa na wasikilizaji majumbani. Mwenye ghala alikuwa amekwisha mwaga nafaka. Mpita njia aliyeokota punje ndiye aliyebaki na mbegu.

Je, kuokoa humpa mwokozi milki? La. Aokotaye mtoto aliyepotea hupata sifa, wala hapati mtoto. Kwa hali kama hii Kiswahili kina neno linalofaa kuliko wizi na kuliko milki, nalo ni amana. Amana si mali ya aliye nayo, lakini si kitu asichokuwa na wajibu juu yake. Ikiwa ndivyo, kitendo cha kunasa peke yake hakitoshi kumhukumu mtu. Hukumu yangojea matendo yafuatayo. Sheria yenyewe husimama njiani hapa. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulimpa msanii haki juu ya kunaswa kwa onyesho lake, ukaziachia nchi nafasi ya kusamehe matumizi ya mtu binafsi. Baina ya chumba cha mtu na soko kuna uwanja mpana, na kugawana hufanyika humo. Hata pale sheria inapoufunga uwanja huo, haiwezi kuifuata kila kanda itokayo kwa jirani kwenda kwa jirani. Mlinzi abakiye mlangoni ni dhamiri.

Dhamiri hiyo ina madai matatu. La kwanza ni kutouza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini atoaye cha mwenziwe hana moyo wa kujisifia akipokea bei. Grateful Dead walilifahamu jambo hili. Mwaka 1984 waliwatengea wenye vinasa sauti sehemu yao ukumbini, na waligawana kanda kwa sharti la kutotafuta faida. La pili ni ukweli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kanda isiyotajwa siku, ukumbi na stesheni, au iliyokatwa na kuunganishwa kwa siri, humdanganya mwanafunzi wa kesho kuliko ukimya.

La tatu ni gumu: kumsikiliza mwenye haki arudipo. Novemba 2005, kwa matakwa ya upande wa Grateful Dead, maonyesho yao yaliondolewa katika Internet Archive, hazina ya intaneti ambamo yeyote aliweza kuyachukua bure. Mashabiki walighadhibika kana kwamba wamenyang'anywa chao. Upesi kanda zilizonaswa na hadhira zikarudishwa, na zile zilizotoka katika mitambo ya jukwaani zikaachwa za kusikilizwa tu. Ghadhabu ile yafaa kutazamwa kwa makini. Kipawa kikidumu mkononi hudhaniwa haki, na shukrani hugeuka kuwa madai bila ya mwenyewe kujua.

Hata hivyo utii nao una mpaka. Mwenye haki akitaka sauti yake isienezwe, mtunzaji mwema aache kueneza. Akitaka iharibiwe, yafaa asite. Kueneza kukiachwa leo kwaweza kuanza tena kesho kwa ruhusa, lakini kanda iliyofutwa haina kesho. BBC ilikuwa na haki ya kufuta kanda zake, na haki hiyo haikuifanya hasara kuwa ndogo. Basi mtunzaji na aweke, aandike kwa uaminifu, asiuze, na mkono wake uwe tayari kurudisha siku amana itakapoulizwa.