Kunakili: Kujifunza au Kuiba?

Mwaka 1494 kijana Mjerumani, Albrecht Dürer, aliyezaliwa 1471, alishika kalamu akanakili picha ya Mwitaliano Andrea Mantegna iliyochapwa kwa bamba la shaba: vita vya miungu ya bahari. Alinakili nusu ya kulia. Watu-samaki wawili wanapigana, na mgongoni mwa kila mmoja kapanda binti wa bahari. Nusu ya kushoto kasimama bibi kizee mkondefu, jina lake Husuda. Huyo kwenye karatasi ya Dürer hayumo.

Mwaka 1511 Dürer huyohuyo alitoa kitabu cha maisha ya Bikira Maria, picha zilizochongwa kwenye ubao, na mwishoni akawaonya vikali wezi wa jasho la wenzao. Marcantonio Raimondi alikuwa ameshazinakili picha hizo, mpaka alama ya Dürer.

Utasema: mkuki kwa nguruwe! Mimi nakataa. Dürer alinakili ili mkono wake ujue njia. Raimondi alipeleka sokoni.

Nasema hivi kwa aibu. Daftari langu limejaa kurasa za riwaya za watu, nilizozinakili nijifunze. Siku moja nilimsomea rafiki ukurasa mmoja, akauliza, "Wako huu?" Nikajibu ndiyo. Akanisifu sana. Sikulala.

Kalamu ilikuwa ileile, maneno yaleyale. Kilichonigeuza mwizi ni lile "ndiyo". Kesho namwendea, nimwambie kweli.