Ukumbi wa nyumba ya bibi

Juzi nimepita Kariakoo, ilipokuwa nyumba ya bibi yangu. Pamesimama ghorofa, chini maduka ya simu. Nilitafuta mahali ilipokuwa baraza, nikashindwa hata kukisia.

Wenyeji wa Dar es Salaam wanaijua nyumba ya namna ile. Vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, kwenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Kuta za boriti za mikoko na fito, zimekandikwa udongo na kupakwa chokaa. Paa lilianza na makuti, likaja madebe yaliyokunjuliwa, mwisho mabati. Jina la mtaa lilitokana na vita. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps. Midomo yetu ikaifanya Kariakoo.

Kuta za vyumba vya bibi hazikufika paani. Mtoto akikohoa usiku chumba cha mbele, chumba cha nyuma wanasikia, na alfajiri mtu anagonga na kikombe cha maji ya tangawizi. Bibi alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Palikuwa na kuli wa bandarini, Mzaramo. Fundi cherehani, Mmanyema. Na mama mmoja wa Songea aliyeuza maandazi. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Lakini huwezi kwenda chooni bila kupita ukumbini, na huwezi kupita ukumbini bila kusalimu. Zamu ya kufagia uani ilimfika kila mmoja, na palipokuwa na msiba wote walikaa tanga.

Julai 7, 1954, TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa hatua chache kutoka huko, Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Tunasimuliwa viongozi na hotuba zao, na ni haki yao. Mimi naamini kazi ngumu ilikuwa imekwisha kuanza kwenye nyumba zile, ambamo watu wa makabila mbalimbali walikuwa wamezoea kuazimana chumvi, kugombania maji na kupatana kabla ya jua kuzama. Alipokuja mtu kuwaambia kwamba wao ni wamoja, hakuwa akiwaambia jambo geni.

Nyumba ya bibi tuliiuza sisi wajukuu. Saini yangu imo. Tulihitaji fedha, na kiwanja cha Kariakoo kina bei. Siku ya kubomoa nilimwomba fundi komeo la mlango wa mbele, akalingʼoa akanipa.

Ninalo hadi leo. Limelainika upande mmoja, pale kilipokuwa kikishika kiganja cha yeyote aliyechelewa kurudi usiku, maana bibi alikuwa halali mpaka wapangaji wote wawe wameingia.