DENI LA FUNDI NI AMANA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Katika miji yetu kampuni kubwa inapata kontra ya jengo, kisha inawakatia mafundi vipande: huyu ukuta, yule mabati. Fundi naye anatafuta wasaidizi wa kubeba mchanga na simenti. Siku ya malipo wasaidizi wanaomba haki yao, na jibu ni moja: «Hata mimi sijalipwa.»

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 8 Februari 2017 inakataza kampuni kuwagawia wengine zaidi ya 40% ya thamani ya kontra, na vipande hivyo imewawekea Wakongomani. Ni vizuri. Lakini sheria haimlipi msaidizi jioni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi wewe unayepokea kipande, andikeni: kazi gani, bei gani, malipo siku gani. Na wasaidizi wako waambie ukweli kabla hawajashika koleo. Ukiwaahidi, deni ni lako mbele ya Mungu, hata kama aliye juu yako amekudhulumu.

Tena, jengo likisifiwa, mtaje fundi aliyelijenga. Ukificha jina lake, unamnyima kazi ya kesho.

Leo baada ya swala jiulize: nani ananidai? Umwendee kabla jua halijatua.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa kabla ya kulipishwa. Amin.